Nukta Mbili Chini ya Sahani

"Vua pete kwanza," Faustine alisema.

Kudra akavua zote tatu akazitia mfukoni. Sahani ilikuwa juu ya taulo jeupe, katikati ya meza ya wakili, ghorofa ya nne, Fort Worth. Hakimu alikuwa ametoa saa moja ya kuikagua, na dakika kumi zilishaliwa na kusaini makaratasi. Ng'ambo ya meza alikaa Harlan Pruitt, mtoto wa marehemu mwenye sahani, buti zake juu ya kiti cha jirani, akila karanga moja moja. Wakili wake alisimama dirishani akitazama saa.

Alhamisi inayokuja, saa tatu asubuhi, Lydiah Kerubo, mteja wa Kudra, angesimama mbele ya bodi ya wauguzi kueleza kwa nini asinyang'anywe leseni. Baada ya bodi, mahakama ya jinai. Miaka minne alimuuguza mama yake Harlan: akamgeuza kitandani, akamlisha, siku ya mwisho akamfumba macho. Bibi yule alimpa sahani kwa mkono wake, kwa mdomo tu, bila karatasi. Alipozikwa, Lydiah akahamia Stafford, karibu na Houston, na Harlan akapiga simu akiitaka irudi. Lydiah hakutaka kugombana na wafiwa. Akairudisha. Wiki moja baadaye Harlan akaenda polisi: kilichorudi ni nakala. Ya kweli, ya karibu miaka mia tano, yenye bima ya dola laki moja na themanini, mwuguzi ameiuza.

Kudra Mbaruku alikuwa mpelelezi wa kujitegemea, ofisi yake Stafford, kati ya wasusi na muuza matairi. Kabla ya Marekani aliuza vyombo Kariakoo miaka sita, na mpaka leo haamini kikombe asichokigonga. Faustine alikuwa mtu wa Mwanza aliyeingia nyumba ya mnada Dallas kama mpakiaji wa makreti. Miaka kumi na mitano baadaye, hakuna chombo cha Kiitaliano kilichouzwa pale bila yeye kukigeuza matako juu.

"Tazameni vizuri," Harlan alisema. "Hiyo ndiyo niliyoletewa. Bei ya sufuria."

Kudra aliinama juu ya mchoro. Kijana mwindaji, kichwa kimeshakuwa cha kulungu, mwili bado wa mtu, na mbwa watano wanamrarua mapaja. Pembeni, mwanamke uchi ndani ya maji, anatazama.

"Huyu kakosa nini, Fausti?"

"Alimkuta mungu wa kike anaoga. Hakukusudia. Akageuzwa kulungu, mbwa wake mwenyewe wakamla. Hawakumtambua."

"Na mwanamke?"

"Anatazama tu." Faustine akawasha tochi yake ndogo. "Sasa angalia ngozi yake. Waridi. Hii kazi inaitwa majolika: udongo wa kawaida unachomwa, unachovywa kwenye maji yenye bati, unakuwa mweupe kama maziwa, halafu mchoraji anachora juu ya huo weupe kabla ya kurudi tanurini. Mafundi wa Urbino, kule Italia, miaka ile walikuwa na buluu, manjano, chungwa, kijani cha shaba, zambarau. Waridi ya namna hii tanuri zao hazikuijua. Ilikuja zaidi ya miaka mia mbili baadaye."

Akaigeuza. Chini, ndani ya kitako, alikuwapo jogoo mdogo wa buluu.

"Karakana ya Firenze, karne ya kumi na tisa. Nakala ya heshima, haikutengenezwa kumdanganya mtu. Dola elfu mbili, tatu ukimpata mtu mwenye hamu."

Akaweka kando yake picha ya kampuni ya bima, ya mwaka 1987: mgongo wa sahani ya kweli. Miduara ya manjano ukingoni na kwenye kitako, maandishi ya buluu ya mkono wa haraka, makovu matatu madogo palipokaa misumari ya tanuri. Na mstari mrefu kutoka ukingo hadi ukingo.

"Hiyo iliwahi kupasuka vipande viwili, ikagandishwa," Faustine alisema. "Fundi akapaka rangi mpya juu ya mshono, hata mduara wa manjano aliurudia."

Kudra akainyanyua nakala kwa vidole vitatu, akaigonga kwa fundo la kidole. Mlio ukatoka mrefu, safi, ukazunguka chumba.

"Hii haijapasuka hata siku moja. Iliyogandishwa inalia kama gunia."

Harlan akapiga makofi matatu ya polepole. "Hongereni. Nusu saa yote kuthibitisha nilichosema mimi."

"Orodha ya bima ya mama yako ina sahani mbili za mbwa, Bwana Pruitt," Kudra alisema. "Namba kumi na nne ni ya kweli. Kumi na tano ni nakala yenye jogoo, ilitundikwa chumba cha kulia. Iko wapi hiyo ya kumi na tano?"

"Mbele yako. Mwuguzi yule kaishi nyumba ile miaka minne. Aliiba zote mbili, akauza moja, akanirudishia nyingine. Hesabu ngumu?"

Wakili akatoka dirishani na karatasi. "Na mimi niwakumbushe hoja yetu kuu." Akaonyesha kitako cha sahani kwa kalamu. Karibu na jogoo palikuwa na nukta mbili nyekundu, zimekaa pamoja kama macho. "Maelezo ya mshtakiwa mwenyewe: vyombo vyangu vyote nimeviwekea nukta mbili nyekundu kwa chini. Alama yake, sahani yake."

Hilo ndilo lililokuwa likimla Lydiah. Kwa wazungu ilibidi ufafanuzi. Kwa Kudra haukuhitajika. Watu wa nyumbani wakikutana, iwe Houston iwe Fort Worth, kila mwanamke anakuja na chombo chake, na vyombo vinachanganyika. Usipoweka alama hukioni tena. Huyu anafunga uzi kwenye mshikio, yule anakwaruza herufi kwa msumari, mwingine anadondosha rangi ya kucha. Lydiah aliiwekea alama hata sahani ya Urbino. Siku Faustine alipoambiwa kwamba chombo cha mwaka 1540 kimepakwa rangi ya kucha ya dola moja, alitafuta kiti akakaa.

"Tunaomba kufuta nukta moja," Kudra alisema. "Nyingine tunawaachia."

Wakili akamtazama mteja wake.

"Takataka hiyo," Harlan alisema. "Wafute na jogoo wakitaka."

Faustine akalowesha pamba kwa asetoni, dawa ya kuondolea rangi ya kucha, akaikandamiza juu ya nukta ya kushoto, akahesabu hadi thelathini kwa sauti. Akainua. Pamba ilikuwa nyeupe. Akarudia, dakika nzima. Nyeupe.

Kudra akatoa kwenye mkoba kichupa chenye rangi iliyokauka shingoni. "Hiki ni cha Lydiah, kilikuwa kwenye droo ya vijiko. Ni hiki hiki miaka yote, kwa sababu mwuguzi haruhusiwi kupaka kucha kazini. Ni cha vyombo tu." Jana yake alikuwa amedondosha nukta mbili juu ya kisosi alichokuja nacho. Akapitisha pamba mara moja. Ikageuka nyekundu kama kidonda.

"Kwenye sahani yenu ni jeli, rangi ya kucha ya saluni," alisema. "Jeli haikauki bila taa yake, na haitoki kwa kufuta. Lydiah hana jeli wala taa. Bwana Pruitt, sahani uliipokea kwa nani?"

"Iko kwenye maelezo. Yule rafiki yake alikuwa anakuja huku, akaileta kwenye boksi."

"Anaitwa nani?"

Harlan akatafuna. "Sijui jina lake. Yule mnene."

Wakili akasema muda umekwisha, ingawa zilibaki dakika kumi na mbili.

*

Garini Faustine aliuliza kwa nini hawashiki njia kuu.

"Mama Wanjohi kasimama kanisani mwezi jana," Kudra alisema, "akatangaza anafungua nyumba ya kulelea wazee. Fort Worth, Januari. Nyumba ya matofali mekundu, mti mkubwa wa mpekani mbele. Watu wakapiga vigelegele. Nataka kuyaona matofali."

Mama Wanjohi ndiye yule mnene. Kwake Pearland ndiko Jumamosi ile ya mwisho kabla sahani haijarudishwa wanawake walikutana, Lydiah akaja na chapati arobaini juu ya sahani ya mbwa. Keshokutwa inarudi kwa wenyewe, alisema, leo tuile. Na kwa kuwa Lydiah alikuwa na shifti mbili mfululizo, na Mama Wanjohi alikuwa akisafiri Jumatatu kwenda Fort Worth kumwona binti yake, Lydiah aliiosha, akaiacha palepale jikoni. Hivyo ndivyo alivyosimulia Lydiah. Mama Wanjohi aliapa vingine: kwamba Lydiah aliondoka nayo, akarudi Jumapili na boksi lililofungwa kwa gundi, na yeye hakulifungua.

Wiki mbili Kudra alipoteza kwa kuamini kwamba sahani ilibadilishwa na mgeni katika karamu ile. Alimfuata mpaka Kimutai, anayeuza vyombo kwenye soko la Jumamosi upande wa kusini wa Houston, akapekua makreti yake sita. Alikuta bakuli za Meksiko na kuku wa plastiki. Na kila mwanamke aliyempigia simu alisema jambo moja: mimi nilikuwa jikoni, sikuona kitu. Jiko gani hilo, Kudra aliuliza mwishoni, linaloingia watu ishirini?

Mtaa ulioandikwa kwenye orodha ya bima ulikuwa wa kimya. Mpekani ulikuwepo, na matofali yalikuwepo. Kwenye nyasi palisimama kibao: IMEUZWA. Kwenye sanduku la barua herufi zilikuwa zimefifia, lakini Pruitt ilisomeka. Mfanyakazi alikuwa akitupa mapazia kwenye pipa kubwa la takataka.

"Ya mama yake Harlan," Faustine alisema.

Kudra akateremsha kioo, akawasha kamera ya simu. "Kaka, nani anahamia?"

"Hakuna anayehamia, mama. Tunabomoa Jumatatu."

*

Jumapili saa nane mchana, nje ya nyumba ya Mama Wanjohi, magari yalijaa pande zote mbili za barabara. Kudra aliegesha mbali kidogo. Lydiah alikaa kando yake, mikono mapajani.

"Wako wangapi?"

"Nimehesabu magari kumi na tisa."

"Na wote wamekuja kuniombea."

"Wote. Tangazo lilisema tumwombee dada yetu aliyeanguka majaribuni."

Lydiah alicheka kidogo, cheko kavu. "Wiki iliyopita nilikaa benchi moja na Jepchirchir kanisani. Alihamisha mkoba wake akauweka upande ule mwingine. Pole pole hivi, ndio nisione." Harufu ilikuwa ikiwafikia. "Wanapika nini?"

"Pilau. Kwenye sufuria lako lile kubwa."

"Nilimwazima Pasaka."

"Kaa hapa. Nikipiga, ingia bila kubisha."

Mlango ulikuwa wazi kama kawaida ya nyumba ile. Watoto walikuwa wamelala chali sebuleni na simu zao, ukiwaamkia wanajibu *hi* bila kugeuka. Wanawake walijaa kuanzia kochi hadi ngazi, sahani magotini, na katikati yao Mama Wanjohi alikuwa akisukuma nyama juu ya wali wa kila apitaye. Alikuwa mwanamke wa kupendeza, mwenye sauti ya kumkaribisha hata adui.

"Aki Kudra! Umekuja kutupeleleza ama kula?"

"Vyote, dada. Lakini kwanza nisaidie." Kudra akanyoosha vidole. "Tazama kucha hizi. Alhamisi naenda mbele ya bodi na Lydiah, nitasimamaje mbele ya watu hivi? Nasikia una mkono mzuri kuliko maduka."

"Sasa hiyo ni kitu ya kuuliza? Kaa hapo."

Kona ya chumba cha kulia ilikuwa na meza ndogo, taa yake nyeupe kama mdomo ulioachama, na vichupa vimepangwa kwa rangi. Mama Wanjohi akaketi, tumbo likagusa meza, akaushika mkono wa Kudra kama anayeshika wa mtoto.

"Rangi gani?"

"Nyekundu. Ile unayoipenda wewe."

Mkono ukaenda kwenye kichupa bila kutafuta. Akaanza na kidole gumba.

Kudra akaweka simu yake mezani, uso juu. "Jamani, nisaidieni," aliita kwa sauti ya ukumbi. "Nani anaikumbuka ile sahani ya mbwa ya Lydiah? Siku ya chapati?"

Vichwa vikageuka.

"Si tulisema hatuzungumzii?" sauti ilisema kutoka ngazini.

"Siulizi nani kaiba. Nauliza ilikuwaje."

Wakati mwingine kinachomshinda mtu ni kunyamaza tu. Jepchirchir alikuwa na hadithi, na ilikuwa hadithi yake mwenyewe. "Mimi naikumbuka vizuri sana! Niligonga na kijiko nikitaka watu wanyamaze tuombee chakula. Ikafanya *pu*. Kama ndoo ya plastiki! Nikamwambia, Lydiah, mambo yako ya wazungu, umetuletea sahani imepasuka!"

Watu wakacheka. Mama Wanjohi naye akacheka, brashi ikiwa hewani.

"Ilifanya pu," Kudra alirudia. "Una hakika, mama?"

"Waulize hawa. Tulicheka mpaka nikasahau maombi."

"Na ilipooshwa ilikwenda wapi?"

"Si ilibaki hapo kwa rack ya vyombo? Mimi ndio nilikuwa napanguza. Nikaiweka juu kabisa watoto wasiifikie."

"Chichi, kula, chakula inapoa," Mama Wanjohi alimwambia Jepchirchir.

"Nimeshamaliza, mama."

"Basi ongeza."

Alimaliza kidole cha tano, akausukuma mkono wa Kudra ndani ya taa. Taa ikawaka zambarau. Wote wawili wakangoja, uso kwa uso, sekunde sitini. Ilipozima, Kudra akatoa pamba na asetoni, akasugua gumba lake. Akasugua tena, kwa nguvu, kama anayeondoa wino. Akainua pamba juu watu waione.

"Nyeupe."

"Si ni jeli," Mama Wanjohi alisema. "Hiyo haitoki hivyo. Unaharibu kazi yangu."

"Hata kule Fort Worth haikutoka."

Akaweka picha mezani: kitako cha nakala, jogoo, nukta mbili. Kando yake akalaza gumba lake. Nyekundu ile ile.

"Sahani iliyolia *pu* ndiyo ya kweli. Ilikuwa hapa Jumamosi, ikalala kwenye rack yako. Iliyofika kwa wakili inalia kama kengele, na nukta zake ni za jeli. Lydiah ana kichupa cha dola moja, kinafutika kwa mate."

"Watu wengi wako na jeli, Kudra. Houston nzima."

"Kweli. Lakini wangapi wanajua nukta mbili za Lydiah? Hao wote wako humu ndani."

Wanawake wakaanza kutazama kucha zao, kisha za jirani. Mmoja akakunja ngumi. Mama Wanjohi aliona vilevile alivyoona Kudra: kwamba nyumba nzima sasa ilikuwa inapiga hesabu.

"Mimi nilibeba boksi tu," alisema. "Huyo mzungu nilimwona dakika tano kwa mlango. Niliapa hivyo, na ni hivyo."

"Sawa. Tuachane na hayo. Nyumba ya wazee inafunguliwa lini?"

"Januari, Mungu akipenda." Uso ukarudi kidogo mwangani. "Vitanda sita. Tayari niko na majina ya watu wawili."

"Hongera. Ile ya matofali, yenye mpekani?"

"Hiyo hiyo."

Kudra akaigeuza simu, akacheza video. Kibao. Mapazia yakiruka kwenye pipa. Sauti ya mfanyakazi ikasikika mpaka ngazini: tunabomoa Jumatatu.

"Hiyo ni kesho, dada."

Mama Wanjohi aliitazama mpaka mwisho. Akaibonyeza icheze tena.

"Hapana," alisema. "Hapana, Harlan aliniambia ataniandikia lizi, nipange ile nyumba miaka kumi. Aliniambia mbele ya..."

Akaziba mdomo kwa mkono ulioshika brashi. Mstari mwekundu ukabaki shavuni.

"Dakika tano kwa mlango," Kudra alisema. "Lizi ya miaka kumi. Mnaongea haraka nyinyi."

Akaizima video, akamwinamia.

"Niulize Ijumaa Harlan alikuita nani, nilipomuuliza nani kamletea sahani."

"Usiseme."

"Nilimuuliza jina lako. Hakulijua, dada. Miezi mitatu unampangia vitanda kwenye nyumba yake na hakulijua. Akasema: yule mnene."

Mtoto mmoja sebuleni alicheka kitu cha kwenye simu yake, na kicheko kikaja mahali pabaya kabisa. Mama Wanjohi akakaa sawasawa kitini. Alipozungumza, aliongea na meza.

"Alisema ni mambo ya bima tu. Bima inalipa, sahani inabaki kwake, hakuna mtu anaumia. Lydiah hatafungwa, wataona hana kitu wataachana na yeye."

"Leseni yake Alhamisi inakwenda."

"Yeye bado ni mdogo. Angepata kazi ingine."

"Na nukta? Harlan alijua habari ya nukta?"

Hapo kichwa kikainuka, na sauti ikapata nguvu kidogo, kama ya mtu aliyesifiwa. "Mzungu angejuaje? Alinipatia ile ingine mapema, hivyo tu, haina kitu chini. Nikamwambia, wewe, Lydiah atasema sahani yake iko na alama. Mimi ndio nilikumbuka."

"Ulikumbuka," Kudra alisema. "Na za kweli, zile za Lydiah, ulizifuta?"

"Na asetoni. Zilitoka mara moja. Zikatoka na manjano pia, ule mstari wa kuzunguka. Pakabaki peupe kama kidole changu hiki. Nilidhani nimeiharibu, lakini Harlan hakuangalia chini. Aliweka kwa gari akaenda."

Ndiyo ile rangi ya manjano ambayo fundi aliirudia juu ya mshono. Kudra akamtumia Faustine maneno machache: *Kitako, doa jeupe upana wa kidole, juu ya mstari wa manjano, kwenye mshono.* Jibu likaja kabla hajaweka simu chini: kesho asubuhi kila nyumba ya mnada kuanzia Dallas hadi New York ingekuwa na maelezo hayo. Popote Harlan atakapoipeleka, mtu ataigeuza.

Kisha akapiga namba ya Lydiah, ikaita mara moja, akakata.

"Hii simu imerekodi tangu gumba la kwanza," aliwaambia wanawake. "Na nyinyi ni mashahidi ishirini. Sasa sidhani kama kuna aliyekuwa jikoni."

Lydiah aliingia bila kubisha. Hakumtazama Mama Wanjohi. Alipita katikati ya magoti na mikoba mpaka kwenye jiko, akakumbatia sufuria kubwa kwa mataulo mawili, akalileta mezani, akaliinamisha. Pilau yote ikamwagika juu ya kitambaa cha meza, ikafunika vichupa, ikaingia ndani ya taa. Nyama ikabingirika hadi mapajani mwa mwenye nyumba. Lydiah akaligeuza sufuria kitako juu. Nukta mbili. Akalitia kwapani.

"Lydiah," Mama Wanjohi alisema. "Lydiah, mami, si unajua mimi..."

Lydiah alikuwa ameshafika mlangoni.

Jepchirchir ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alikwenda kwenye sinki akaanza kugeuza vyombo kimoja kimoja: uzi wa kijani, herufi ya J iliyokwaruzwa. Akachukua bakuli lake na chujio lake, mali yake, na kutoka. Halafu wengine. Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyeaga. Walipanga foleni kwenye sinki kama kwenye kaburi, kila mmoja akigeuza, akitazama chini, akichukua chake hata kama kina mchuzi. Aliyekuwa bado anakula alimimina chakula kwenye ndoo, akaosha sahani, akaipanguza, akaondoka nayo. Watoto wakaitwa kwa majina. Nje magari yakawaka moja baada ya jingine, na barabarani Jepchirchir alisikika akimwita Lydiah, akimwita tena, na gari la Kudra lisifunguliwe kioo.

Robo saa haikupita. Jikoni zilibaki sahani nne na kikaango, vyote havina alama, maana mwenye nyumba hahitaji kuweka alama.

Kudra alikuwa bado amekaa. Mama Wanjohi alipangusa wali mapajani, punje kwa punje, akautazama mkono wa kushoto wa Kudra uliolala mezani, kucha tupu.

"Nikumalizie huo mwingine?" aliuliza.

"Acha, dada," Kudra alisema, akachukua simu yake. "Huu mmoja unatosha kwa hakimu."